Mstaafu Anapenda Jiografia

Jumapili, 2 Februari

Hili sijawahi kumwambia mtu: huwa naongea. Naongea sana! Ila ni na farasi.

Shuleni wananiita Bubu, na siwalaumu. Mwalimu akiniuliza swali, jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka anachoka na kumgeukia mwingine. Basi leo, kule kwa shangazi anayefuga farasi, nilipewa kazi ya kumsugua farasi jike mzee wanayemwita Mstaafu. Banda lilikuwa tupu. Nikamsimulia habari za wiki nzima, na yeye akaniwekea kichwa begani. Kizito kama ndoo ya maji!

Shangazi alitukuta. Nilinyamaza papo hapo. Akasema Mstaafu kapata mtu wake, akaniuliza kama ningependa kujifunza mbio za masafa. Si zile za kukimbizana uwanjani. Hizi ni za njia ndefu, vilima na makorongo, na njiani daktari wa mifugo anampima farasi: moyo, pumzi, miguu. Asiporidhika, safari imekwisha, hata kama wewe mpandaji una nguvu za simba. Mshindi ni kila anayefika na farasi mzima. Wa kwanza na wa mwisho ni sawa, kasema.

Mbio ambazo wa mwisho hachekwi! Nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 15 Februari

Naumwa kila mahali. Mapaja, kiuno, hata vidole. Nimeshuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, mama kacheka mpaka akaegemea ukuta. Kaniuliza: kwani farasi ndiye kakupanda wewe?

Nilidhani kupanda farasi ni kukaa. Kumbe ni kuinuka na kuketi, kuinuka na kuketi, ukifuata mdundo wake. Ukiukosa, tandiko linakuadhibu.

Binamu, mwana wa shangazi, ana dume jeusi linalokwenda kama limechomwa moto. Leo wamepotea mbele na vumbi lao, sisi tumebaki nyuma tunalila. Mstaafu hataki mchakamchaka. Nikimgusa kwa visigino ananigeukia, kama mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi.

Halafu jambo la ajabu. Kwa kuwa Jumatatu tuna jaribio, na hapakuwa na mtu karibu, nikaanza kukariri jiografia kwa sauti. Miamba ya moto. Miamba tabaka. Masikio yakasimama. Mara—mchakamchaka! Nikinyamaza, anatembea. Nikiendelea, anakimbia. Nimejaribu pia historia. Haimvutii.

Jumatano, 12 Machi

Nimeongoza jaribio la jiografia. Mwalimu akataka nisimame niwaeleze wenzangu mmomonyoko wa udongo. Nikasimama. Nikaketi. Nilitamani udongo unimeze.

Jumapili, 6 Aprili

Nimefumaniwa. Nilikuwa nazungumzia mito, kwa sauti ya kutosha kuijaza njia nzima, binamu akatokea kwenye kona. Alicheka hadi karibu aanguke. Sasa jina langu huku ni Redio. "Redio, habari za saa hizi?" "Redio, betri imeisha?" Bubu kule, Redio huku. Hakuna anayeniita kwa jina nililopewa.

Shangazi hakucheka. Aliniita pembeni, tukakaa juu ya marobota ya nyasi. Kasema: mwanangu, umemzoesha sauti yako badala ya miguu yako. Kwenye ukaguzi unashuka, unamshika kamba, unakimbia naye mbele ya daktari ili aangalie anavyotupa miguu. Mbele ya watu wote. Asipokimbia, mmetolewa. Je, utasoma?

Nikaangalia viatu vyangu.

Kisha akasema lililokuwa moyoni mwake. Mstaafu umri umekwenda. Mbio za Juni ndizo zitakazoamua. Akimaliza salama, nitampanda mwaka mzima ujao. Akishindwa, anaachiwa malishoni moja kwa moja, hatandikwi tena. Na farasi wengine wana moto, hawezi kumweka mwanafunzi juu yao. Nikamuuliza: basi mimi nitapanda nini? Kaokota unyasi kwenye nywele zangu, akasema tusubiri Juni.

Nilipokwenda kumuaga Mstaafu sikumwambia kitu. Kwa mara ya kwanza.

Ijumaa, 6 Juni

Kesho. Nimesafisha hatamu, tandiko, viatu, kisha hatamu tena. Mama anasema kula. Ninakula kwa macho tu.

Jumamosi, 7 Juni

Naandika nikiwa kivulini mwa gari la kubebea farasi. Niandike kwa mpangilio.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa raha tupu. Ukungu, umande, wapandaji wakapita mmoja mmoja, sisi tukabaki wenyewe. Nikamsomea tabaka zote za dunia hadi kiini. Alikimbia bila hata kutoa jasho la maana.

Tukarudi hapa kituoni kwa ukaguzi. Daktari ni mama mmoja mwenye buti zenye matope na sauti ya kuamrisha. Akasikiliza moyo: safi. Akavuta ngozi ya shingo: inarudi haraka, maji yapo mwilini. Halafu akasema: haya, kimbia naye.

Nikakimbia. Kamba ikanyooka. Mstaafu kasimama! Watu wamejipanga pande zote mbili. Binamu naye yupo, na kikombe chake cha chai. Daktari kasema nijaribu mara moja tu tena.

Sijui ilitoka wapi. Nilifumba macho, nikasema: "Miamba imegawanyika katika makundi makuu matatu!"

Akaja! Kwato nyuma yangu, ta-ta, ta-ta, mimi napiga kelele za miamba ya moto na miamba tabaka, watu wanacheka, mtu kapiga makofi. Daktari kasema tumepita, kisha akaniuliza kundi la tatu ni lipi maana mimi niliishia mawili. Nikamjibu! Miamba geu. Mbele ya watu.

Ningependa siku iishie hapo.

Mzunguko wa pili, baada ya mteremko wa mawe, mdundo ulibadilika. Kidogo sana. Ta-ta, ta-ta, ukawa ta—ta. Kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Nikashuka, nikainua kwato za mbele moja baada ya nyingine. Hakuna kokoto, ila mguu wa kushoto aliurudisha chini haraka. Nikapanda, nikanyamaza: anatembea. Nikasema "miamba tabaka" kwa sauti ndogo: akaanza kukimbia mara moja, masikio mbele, na ile ta—ta yake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Angekimbia mpaka mwisho. Ningesoma, naye angekuja tu.

Nikashuka tena. Nikalegeza mkanda wa tandiko, nikashika kamba, tukatembea. Kutembea na farasi wako kunaruhusiwa. Wapandaji wawili walitupita, mmoja akauliza kama nimeanguka. Nilitikisa kichwa. Njia nzima sikutoa neno, na Mstaafu alikuwa akinisukuma mgongoni kwa pua, kama anauliza: vipi, leo hakuna kipindi?

Tumefika kabla muda haujaisha. Lakini kufika si kumaliza, mpaka daktari amwone tena.

Binamu alikuja na ndoo mbili. Hakuniita Redio. Kasema, kwa upole kabisa: mmwagie maji baridi mguuni, utatulia. Halafu msomee kwa nguvu, atanyooka, ni kitu kidogo hicho. Usijichongee. Kwani nani atasema? Farasi hana mdomo.

Nikamtazama shangazi. Alikuwa akimfuta Mstaafu jasho machoni. Kasema: mimi sikuwepo juu yake, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwepo.

Na akaendelea kufuta.

Nilichofanya ni hiki. Nilimpa shangazi kamba. Nikavuka uwanja hadi kwa daktari, nikasimama nyuma ya waliokuwa wakisubiri, na ilipofika zamu yangu nikasema mguu wa mbele wa kushoto. Kasema hakusikia, niongeze sauti. Nikasema tena. Waliokuwa karibu wakageuka wote. Nikamweleza: mteremko, mdundo, tulivyotembea. Nikamweleza pia kwamba nikisoma atakimbia hata kama unamuuma. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo kwa mtu mwenye miguu miwili.

Hakucheka. Alikuja mwenyewe, akaupapasa mguu taratibu kutoka goti hadi kwato. Akasema: mnyweshe, apoe, nitawaita. Umkimbize mara moja, kamba iwe legevu. Na safari hii usimsomee. Nataka kumwona yeye, si wewe.

Kwa hiyo tunangoja. Mstaafu kamaliza ndoo, sasa ananusa ukurasa huu. Kauachia tone la maji. Binamu kakaa chini kando yangu.

Wameita namba yetu. Shangazi ananyoosha kamba.

Nimemwambia Mstaafu neno moja tu sikioni, na halikuwa la jiografia. Sasa nafunga mdomo. Naenda.