Mama Anataka Kuona Bitana

Shangazi, shikamoo. Nimekwama na nyumbani hakuna wa kumuuliza, ndiyo maana nakusumbua wewe. Mimi ni fundi cherehani, mwaka jana nilishona koti la mhusika mkuu wa filamu moja, koti zito lenye bitana ya hariri kwa ndani, nikalishona kwa roho yangu yote, na kwenye hadithi koti lenyewe linachomwa moto kweli, kwa hiyo kilichobaki ni diski ya Blu-ray niliyopewa na mwenye filamu, picha yake safi hadi wanasema unaweza kuhesabu nyuzi. Sasa mama yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, anafunga karakana yake na yuko kwangu mpaka Jumapili, bado hajaamua kama cherehani zake aniachie mimi au aziuze, na mama hamwamini fundi mpaka ageuze nguo yake ndani nje, kazi mbovu anairudisha kimya, ya maana ndiyo anaigombeza. Nikamwambia, "Mama, kuna mahali koti linatupwa kitini, bitana yote inaonekana." Akasema, "Basi nionyeshe, maneno baadaye."

Shangazi, naweka diski kwenye kompyuta, inanguruma kidogo kisha inasema hakuna diski. Nimepakua programu ya kwanza, ya pili, nyingine hata sijui ilitoka wapi, moja ikanijazia matangazo ya vidonge vya kupunguza tumbo mbele ya mama, na zote jibu ni lile lile. Shemeji yangu anayejifanya mtaalamu ana filamu hiyohiyo kwenye simu, ya wizi, ananiambia, "Mwonyeshe hii, mama mtu mzima atajua nini?" lakini humo koti langu ni doa jeusi tu. Nimwonyeshe hilo doa, au kuna programu ambayo bado sijaipata?

Fundi wa Koti

Marahaba, Fundi wa Koti. Pole kwa vidonge vya tumbo. Sasa keti nikugombeze kidogo.

Umenitajia programu mpaka nimechoka kusoma, lakini ile droo unayotumbukizia diski hukuiwazia hata kidogo. Kompyuta ikisema hakuna diski, maana yake haiioni. Droo nyingi ni za DVD, na droo ya DVD haisomi Blu-ray hata uipakulie programu za dunia nzima. Wewe fundi mzima, sindano ikigoma kupita kwenye kitambaa, unabadilisha rangi ya uzi?

Itazame hiyo droo usoni. Kama haina alama ya Blu-ray, azima au nunua kisomeo cha nje cha Blu-ray, kile kinachochomekwa kwa waya wa USB. Hiyo ndiyo kazi ya kesho asubuhi. Ukishakipata ndipo tuzungumzie programu. Diski za filamu huwa na kufuli la siri, na programu nyingi za bure hugonga mwamba hapo, kwa hiyo chukua ya kulipia, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, iliyoandikwa waziwazi kwamba inacheza filamu za Blu-ray. Visomeo vingine huuzwa na programu yake ndani ya boksi, uliza kabla hujalipa mara mbili. Hizo ulizookota zifute leo hii, na kompyuta uikague virusi. Ukiona yote haya ni mzigo, mtafute jirani mwenye mashine ya Blu-ray ya televisheni, piga hodi, yaishe.

Shemeji mwambie asante, simu airudishe mfukoni. Mama atajua nini? Atajua! Ndiye mtu pekee humo ndani atakayejua. Ukimwonyesha doa jeusi atakurudishia kimya, na huna koti jingine la kujitetea.

Na wewe nakujua, utasimama pembeni ukieleza hapa nilifanya hivi, pale uzi uliisha. Koma. Sehemu ya bitana ikifika, simamisha picha, msogezee mama kiti, kisha nenda jikoni ukaoshe vyombo, hata kama ni visafi. Ukisikia kimya, nitakuja kukupa pole mwenyewe. Lakini ukisikia anafoka, "Nani alikufundisha kukunja kwapa namna hii?" usirudi kujitetea. Kanunue mafuta ya cherehani, na uchukue chupa kubwa.