Jina la wenyewe

Jumanne, Singida mjini

Kumbe duka halifungwi. Wiki nzima nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya ule mfumo huria wa kompyuta, ambao mimi na mwenzangu Mama Neema tuliutia Kiswahili, tukauuza kwenye CD kwa jina lile lile la waliouunda.

Tulidhani ni heshima. Kwetu mjukuu si hupewa jina la babu?

Leo wenyewe wamejibu barua yetu ya kuuliza kama tumekosea. Kubadilisha ruksa, kuuza ruksa, ila jina na nembo yao tuondoe, kwani walichotengeneza wao sicho tunachouza sisi.

Mama Neema alinuna, halafu akasema, "Basi tuuite Misigiri, kwetu."

Nimekubali, na leo nitalala. Ila kompyuta ya mtu ikigoma, kitakachotukanwa ni kijiji cha kina Mama Neema.