Kadi ya Evodio na Tejocote za Mwaka wa Tisini na Saba

Mtaa wa Libertad,
Tijuana.
2 Machi 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nicanor,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumai barua hii itakukuta mzima, umevaa soksi mbili mbili, maana juzi nimeona kwenye televisheni theluji ya huko Alaska imefunika magari mpaka vioo. Kifua kimepona? Unakula chakula cha moto, au bado unakula maharagwe ya kopo ukiwa umesimama jikoni? Nakuuliza kwa barua kwa sababu kwenye simu unajibu "salama tu", na salama yako naijua tangu ulipovunjika mkono ukasema salama.

Sisi hatujambo. Goti langu la kulia linalalamika kwenye ngazi. Shemeji yako Evodio anaendelea kutengeneza meno ya bandia na anaendelea kupiga chuku. Jana amemwambia muuza gesi kwamba aliwahi kumtengenezea meno askofu mmoja, na askofu akatafuna mfupa wa ng'ombe pale pale kumshukuru. Muuza gesi alitoka hapa akitikisa kichwa kwa mshangao.

Habari ya mtoto umeshaipata na picha umeziona. Ila hujui nilivyofika kumpokea, na hiyo siyo habari ya simu. Kaa kitako usome, maana na wewe umo ndani.

Unakumbuka Nereida alipojifungua mtoto wa kwanza. Alinipigia asubuhi kutoka Chula Vista, upande wa pili wa mpaka, tukaingia garini bila hata kuzima redio, tukaganda kwenye foleni ya mpaka kwa saa tano na nusu. Nilinunua churro nikala, nikanunua blanketi lenye picha ya simba, nikaombewa na mchungaji aliyekuwa akipita kati ya magari, na foleni iko pale pale. Tulipofika hospitali mtoto alikuwa ameshaogeshwa na kuvishwa kofia, na amebebwa na Doña Perpetua, mama mkwe wa Nereida. "Umechelewa kidogo tu, mkwe mwenzangu," akaniambia. Kidogo tu! Nereida alinitazama akaanza kulia. "Nilikuita, mama. Nilikuita mpaka sauti ikakauka." Maneno hayo nimelala nayo miaka minne.

Kwa hiyo mwaka jana aliponiambia ana mimba ya pili, niliamua lazima tupate ile kadi ya wasafiri wanaoaminika. Ukiwa nayo unapita njia ya pekee, na baada ya robo saa uko upande wa pili. Shida ni kwamba katika njia hiyo kila aliyemo garini lazima awe na kadi yake. Mimi siendeshi gari, anaendesha Evodio. Basi ikawa, ili nimwone mjukuu wangu akizaliwa, serikali ya watu imwamini Evodio, mtu ambaye mimi mkewe akiniambia mvua inanyesha natoa mkono dirishani kwanza.

Tulijaza fomu mezani jikoni. Wanataka kujua umeishi wapi miaka mitano, umefanya kazi gani, umesafiri wapi. Kwenye kazi Evodio aliandika "Mkurugenzi Mkuu". Nikamwuliza anaongoza nani, wakati kule karakana yuko yeye na paka.

"Paka naye ana kazi yake," akasema.

"Andika fundi meno, Evodio. Hawa watu wanachunguza."

Akaandika fundi meno kwa uchungu kabisa. Tukafika kwenye swali linalouliza kama umewahi kuvunja sheria za forodha. Mimi nikajibu langu hapana. Nikamsomea na yeye. Alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna.

"Si hapana?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema.

Neno moja. Mtu ambaye ukimwuliza saa anaanzia kwa babu yake, leo ananijibu kwa neno moja. Ningeshtuka pale pale, lakini nilikuwa na sufuria jikoni. Kabla hatujaituma fomu aliniomba akae peke yake na kompyuta, ati anataka kurekebisha anwani ya karakana. Nikamwachia.

Mahojiano yalikuwa Novemba, upande wa pili. Wiki nzima nilikuwa namfanyisha mazoezi, mimi nikiwa afisa, nimevaa miwani yangu ya kusomea. Nilimwambia akiulizwa jina ataje jina, asitaje na asili yake. Siku yenyewe mimi niliitwa kwanza. Nilimaliza upesi, wakanipiga picha na kuchukua alama za vidole, nikaambiwa nisubiri kwenye kiti nyuma ya meza ile ile. Evodio akaitwa kwa yule yule afisa, mwanamke wa makamo anayesema Kihispania kama sisi. Kila kitu nilikisikia.

"Don Evodio, hapa kwenye swali la forodha umejibu ndiyo."

"Ndiyo, bibie."

Nicanor, nilihisi kiti kinazama. Nilimwona mjukuu amevishwa kofia, yuko mikononi mwa Doña Perpetua.

"Na umeambatisha maelezo ya kurasa tatu," afisa akaendelea.

"Nilikuwa na mengine, nikaona nisikuchoshe."

Afisa akafungua rekodi kwenye kompyuta yake. "Desemba mwaka tisini na saba. Masanduku mawili ya meno ya plasta yanayopelekwa kwa daktari wa meno. Na kila seti ya meno imeuma tunda la tejocote."

"Kwa kweli yalikaa vizuri sana," akasema Evodio.

"Kilo nne za tejocote, na unajua wakati ule zilikuwa marufuku kabisa kuingizwa. Ni zako?"

"Zangu. Za ponche ya Krismasi, bibie. Ponche bila tejocote si ponche, ni maji ya moto yenye sukari. Nimeeleza hapo ukurasa wa pili jinsi nilivyolia."

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Evodio hapendi ponche. Tejocote zinampa kiungulia. Kila Krismasi anaimwaga kwenye chungu cha maua yangu akidhani simwoni. Katika ukoo wetu mzima najua mtu mmoja tu anayeweza kuficha tejocote kwenye meno ya watu ili akanywe ponche na rafiki zake San Diego, na mtu huyo nimemlea mimi.

"Garini mlikuwa wawili," afisa akasema. "Huyu mwingine?"

"Shemeji yangu. Yeye hakujua chochote, alikuwa amelala."

"Gari linapekuliwa, na yeye amelala?"

"Huyo akilala, bibie, hata siku ya mazishi yake itabidi tumwamshe."

Afisa akasoma tena ukurasa wa pili. Mimi nilikuwa nasali kwa watakatifu wote ninaowajua na wengine ambao sina hakika nao. Mwishowe akasema kwamba wengi hujibu hapana, na yeye akiwaonyesha rekodi husema wamesahau, na hao huwarudisha nyumbani kwa kuficha. "Wewe umesema mwenyewe, na kosa lako ni la zamani. Lakini nikikukuta hata na ndimu moja, kadi naichukua." Akagonga kitu kwenye kompyuta. Evodio amekubaliwa kuwa mtu mwaminifu kwa kusimulia uongo wa kurasa tatu.

Tukaingia garini, nikafunga mlango.

"Zile tejocote ni za Nicanor," nikamwambia.

"Mambo ya zamani hayo, mama Nere."

"Kwa nini hukusema siku ile?"

Akawasha gari, akalizima. "Mdogo wako alikuwa anasubiri karatasi zake za kuishi kule kwa kudumu. Zilikuwa mezani kwa watu, zimebakiza sahihi. Wangeandika jina lake, zingepotea. Mimi nilikuwa nasubiri karatasi gani? Nilikuwa nasubiri plasta ikauke tu." Halafu, kwa sababu ni Evodio, akaongeza, "Tena nilijiokoa mwenyewe. Angebaki Tijuana, angekula kwangu mpaka leo."

Nikamwuliza kwa nini basi leo asiseme ukweli, ilhali wewe umeshatulia huko na hakuna wa kukudhuru. Akasema ukishawapa watu hadithi, huwezi kurudi kuwanyang'anya. Nililia, Nicanor. Nililia kwa hasira na kwa kumpenda, na sijui kipi kilitangulia. Faini ya siku ile ya tejocote aliilipa yeye, akaniambia amenunua tairi.

Kadi zilikuja Desemba, na tangu hapo nyumbani hapakaliki. Evodio amekuwa forodha kuliko forodha. Anafagia gari kwa brashi ya meno. Mkoba wangu anaupekua mlangoni, na siku moja alitoa kipande cha chungwa akakishika juu kama ushahidi. Nilikuwa nimejiandaa kumpelekea Nereida mchuzi wa kuku wa kienyeji, ule wa mzazi wa siku arobaini. Alikataa hata sufuria isikaribie gari. Kuku tulimnunua huko huko, na ladha yake siisemi.

Nereida alipiga simu Alhamisi ya tarehe ishirini Februari, saa sita mchana. Tuliingia njia yetu, tukawapita watu wanaouziwa churro, nikainamisha kichwa kwa aibu, na moyoni nashangilia. Dakika kumi na nne. Nilikuwa chumbani kabla Doña Perpetua hajapata pa kuegesha gari. Nereida alinishika mkono mpaka pete ikaniingia kwenye nyama, na alipoita "mama", nilijibu. Nilijibu kila alipoita. Casilda mdogo, jina la mama yetu, macho ya kwanza aliyoyaona ni yangu, na daktari akiwepo pembeni. Sijawahi kufurahi namna ile tangu nizaliwe. Evodio alikuwa kwenye korido, anawasimulia akina baba wengine jinsi maafisa wa mpakani walivyompigia saluti.

Sasa nakuja kwako. Miaka kumi na moja hujakanyaga Tijuana. Mara samaki wamechelewa, mara ndege ghali, mara mpaka una foleni. Nilidhani umetusahau. Siku hizi nadhani unaogopa kukaa meza moja na Evodio. Ungetuambia, Nicanor. Nilikaribia kumkosa Casilda kwa ajili ya tejocote zako, na yeye mwenye kubeba mzigo hajakutaja vibaya hata siku moja. Hata barua hii hajui kama naiandika.

Ubatizo ni Jumamosi, tarehe tatu Mei. Nereida alipouliza nani awe baba wa ubatizo, Evodio ndiye aliyekutaja, na haraka sana, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Kwa hiyo utakuja. Sikudai kitu ila asante, useme kwa mdomo wako mbele yake, mimi nikisikia.

Na kuna hili. Ili mtaa ukukubali, Evodio amewaambia watu wote kwamba huko Alaska una meli yako mwenyewe ya uvuvi. Mimi najua kazi yako ni kupanga samaki kwenye makopo. Watu wakikuuliza, usithubutu kumwumbua. Waangalie usoni uwajibu kwamba amekosea kidogo, meli ni mbili.

Nereida na mumewe wanakusalimu. Shangazi Tomasa anakusalimu, anasema umpigie akiwa bado anasikia. Doña Perpetua hajasema neno tangu Alhamisi ile, lakini pokea salamu zake hivyo hivyo. Mungu akukinge na baridi ya huko na akulete kwetu salama, salama ya kweli.

Mimi dada yako wa tumbo moja, nikupendaye na makosa yako yote,

Eduviges