Shati la Nyuma ya Mlango

Kaka,

Sisi wazima. Paa limekoma kuvuja, na paka amezaa tena chini ya kitanda chako.

Meli yenu ya watalii ilipotia nanga, wakala wenu alitutaka tuvute nyavu mbele ya wageni. Samaki walikuwa wa barafu, tuliwatia wavuni sisi wenyewe alfajiri. Mkeo alipiga makofi kweli kweli. Wewe ulijificha nyuma ya miwani ya jua, kana kwamba mwendo nao huvaa miwani.

Kisha mkeo akataka picha na yule bibi anayepaa samaki. Ukamwekea Mama mkono begani. Akakuuliza kwa sauti ya chini, “Mwanangu, umekula?” Mkeo alipotaka kujua amesema nini, ukatikisa kichwa, eti lugha yetu huielewi.

Mama akakuomba radhi: “Nisamehe, mgeni. Nimekufananisha.”

Hakulia, usijipe ukubwa. Ila lile shati lako, alilokuwa akilifua na kulitundika nyuma ya mlango likusubiri, sasa analitumia kupangusia magamba. Kitambaa chake kizuri, hakichaniki.

Ni mimi, niliyekuwa dada yako.