Saa Nilizopewa Tangu Februari

Jumapili, 11 Mei

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta. Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniuliza tena kama kiwandani wamenikubalia saa za kuniwezesha kuishi na mwanangu, maana shule ya huku inamshikia nafasi hadi Ijumaa hii tu. Nimechelewa kujibu. Nilitaka kwanza kupitia daftari langu la tarehe, nisije nikakuandikia jambo lisilo sahihi.

Tarehe 3 Februari msimamizi alitukusanya sisi wa kitengo cha zipu, akasema kuanzia sasa kila mama achague saa zake, mradi zitimie nane. Akaleta ubao na chaki. Mwenzangu wa mashine ya jirani, tunayemwita Redio, akasema kwa sauti kwamba haya jamani, sasa kila mtu ajichagulie saa ya kuchoka. Tulicheka hadi msimamizi naye akacheka. Redio alichagua kuingia saa nne ili awaogeshe wanawe kwanza, na siku hizi anatusimulia mpaka rangi ya soksi zao. Mwingine alichukua asubuhi na jioni, akajikuta mchana anapikia ukoo mzima wa mumewe, kwa kuwa eti si upo nyumbani. Baada ya wiki mbili alifuta, akarudi zamu ya zamani.

Unakumbuka nilivyokuja kwako tarehe 22 Machi. Mtoto alinishika mkono, akanipeleka kwa rafiki yake wa nyumba ya pili, akamwambia huyu ni mama mdogo, amekuja kutusalimia. Wewe uliona haya. Ulimkemea kwamba wewe ndiye mama mkubwa, mama yake ni mimi. Akakutazama wewe kwanza, kisha akasema sawa. Uliniomba radhi mara tatu, nami nikakuambia ni utoto tu. Ndani ya basi nilisubiri kuumia. Sikuumia. Kwenye daftari niliandika tarehe na hali ya barabara.

Dada, hukumfundisha wewe. Mwaka juzi, alipokuwa analia kila nikipiga simu, nilimwambia akuite wewe mama, ili anyamaze. Akaniuliza, na wewe je? Nikamwambia mimi ni mdogo wake mama. Alinyamaza kweli, na tangu siku ile hakulia tena. Nikakata simu nikarudi kwenye mashine.

Tena msimamizi hakunikatalia. Nilikudanganya niliposema amekataa. Jina langu lilikuwa la tatu pale ubaoni: kuingia saa kumi na mbili asubuhi, kutoka saa nane mchana. Ni wiki kumi na nne sasa. Saa tisa kasorobo huwa nimeshafika chumbani, nakaa kitandani na viatu vyangu hadi taa za jirani ziwake. Kwenye daftari naandika neno moja: nimepumzika. Zamani nilikuwa na zamu ya kusingizia. Ilipoondoka, sikujua nitakaa vipi na mtoto anayenisalimia kwa adabu kama mgeni.

Alhamisi na Ijumaa hii nimejifuta ubaoni, siingii kazini. Nitafika kwako saa tano. Mfungashie nguo za wiki moja, nyingine tutazifuata. Ukiona hafai kuja nami, niambie palepale mlangoni kabla sijavua viatu, sitabisha. Ila nakuomba usimwelekeze aniite nani. Nimpeleke shule Ijumaa akiniita hivyo hivyo, na nitaitika.

Shemeji msalimie sana. Redio anakusalimu, ingawa hakujui. Yeye husalimia kila mtu.

Ni mimi, nduguyo.