Nilimnywesha Mudy dawa asikohoe

"Mafua tu? Wifi, umemleta mwanao mgonjwa kwenye sherehe ya arobaini ya mwanangu, halafu unaniambia mafua tu?"

Dainess shoga yangu, Rehana amenifokea hivyo mbele ya wakwe zangu wote hapa Makambako. Na ana haki.

Hajui hata yote. Wiki iliyopita, kabla hatujatoka Njombe, nilimnywesha mwanangu Mudy dawa ya kikohozi makusudi, asije akakohoa mbele za watu. Nilijua anaumwa. Nilijua! Tulipofika nikampakata kichanga cha Rehana, nikamwambia Mudy, "Mbusu mdogo wako."

Sasa kichanga hanyonyi. Akivuta pumzi, mbavu zinabonyea ndani.

Mama mkwe anasema, "Ni baridi hiyo. Mpakeni mafuta ya karafuu, kesho tutaona."

Nikasema, "Mama, huyu si wa kungoja kesho."

"Leo ndiyo umekuwa daktari? Siku ile ulikuwa wapi?"



Nimemfunika kichanga kwa khanga yangu, nikamwambia Rehana, "Nilimpa Mudy dawa ya kikohozi ili msijue anaumwa. Panda bajaji, nitukane njiani."

Amepanda. Ananitukana. Geti la hospitali hili hapa, tunashuka.