Wastani wa Euro Themanini na Tisa

Jumamosi, 9 Desemba

Kalenda zetu za zimamoto zimefika nyumba themanini. Zimebaki chache za mlimani. Sisi wa kujitolea hatuuzi kalenda – tunagawa tu, mwenye nyumba anatia alichonacho kwenye bahasha, tunakunywa kikombe cha mvinyo, tunaaga. Vikombe vilikuwa vingi. Mguu wangu wa kulia ulifika nyumbani kabla ya wa kushoto.

Leo nimejumlisha: euro elfu saba mia moja na ishirini. Gawa kwa themanini – themanini na tisa kila nyumba! Mwaka jana wenzetu wa kijiji cha Zagorica walitamba na arobaini. Nimeandika bango kwa mkono wangu, herufi nyekundu, nimelibandika mlangoni pa kituo: KILA NYUMBA KWA WASTANI EURO 89. ASANTENI. Waje wasome.

Jumapili, 10 Desemba

Baada ya misa watu wamesimama mbele ya bango langu. Nilitarajia kupigwapigwa mgongoni. Wapi! Kinyozi Vinko kanivuta pembeni, kaniuliza kama ile kumi yake niliiona. Mkewe hakunisalimu. Srečko, kamanda wetu, anasema mtu mmoja ameshamwambia mwakani atapunguza – kumbe kijiji kina fedha hivi.

Nikamweleza mke wangu Majda. Alikuwa akimlisha mjukuu uji, hakuinua kichwa.

"Mimi nina hamsini na saba, Lana ana mmoja. Kwa wastani tuna ishirini na tisa kila mtu. Basi nipeleke dansi, mume wangu."

Nimecheka. Kisha nikaacha kucheka. Hribernik wa kiwanda cha madirisha alitoa elfu sita peke yake.

Bango nimeliacha. Aibu ya kulibandua ilinishinda.

Jumatano, 13 Desemba

Mlimani. Shangazi Pepca – si shangazi yangu, ni wa kijiji kizima – kila mwaka hutungoja na keki ya jozi mezani. Leo tulipofika langoni taa ikazimwa. Niliiona ikizimwa. Tukagonga. Akajibu paka.

Srečko akaichomeka kalenda mlangoni, tukashuka.

Ijumaa, 15 Desemba

Pepca kashuka mwenyewe hadi kwetu, kwa miguu, bahasha mkononi. Euro themanini na tisa kamili, sarafu kwa noti. Pensheni yake naijua. Nilipokuwa posta mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea.

"Hesabu, Ludvik mwanangu. Isije ikasemwa mimi ndiye niliyekishusha kijiji."

Nikamuuliza habari za kuni za kupasha nyumba joto. Akasema mwaka huu atakuwa akilala mapema, blanketi zipo. Bahasha nikamrudishia kwenye mfuko wa koti. Akaitoa, akaichomeka chini ya bakuli la sukari, akamsifu Majda kwa chai, akaenda zake.

Jumamosi, 16 Desemba

Asubuhi nimelibandua. Jipya ni hili: KIWANDA KIMETOA 6,000. NYUMBA NYINGI ZIMETOA KUMI. KILA MMOJA ASANTE. Herufi nyeusi, ndogo. Vinko kalisoma mara mbili, kanishika bega. Mkewe kanisalimu!

Nikapanda kwa Pepca na bahasha. Jikoni kwake pumzi yangu naiona kwa baridi. Nimemweleza yote, nikamwekea chenji mezani, nikabakiza kumi. Alisikiliza kama anasikiliza mahubiri.

"Kwa hiyo wengi ni kumi."

"Kumi, shangazi."

"Na aliyemfuata Hribernik?"

Mimi na ukweli wangu. Hamsini, nikasema.

Akanyoosha mgongo. Akazirudisha fedha kiganjani mwangu, noti moja moja, na sarafu.

"Basi wa pili ni mimi. Na hilo liandike."

Sasa niko nyumbani, bahasha iko mbele yangu, nje theluji imeanza. Majda kanisikiliza bila kunicheka, jambo la kutisha. Kavaa buti, kafungua banda la kuni, anauliza toroli nimelitupa wapi. Pepca akizikataa kuni, anasema, atamwambia wastani wa kijiji ni toroli tatu kila nyumba.